Kuandika deni kwenye daftari siyo kukosa upendo

Jana tena. Baada ya ibada mama mmoja mwenye genge kaniuliza eti ni dhambi kumdai mwenzake wa kwaya aliyechukua mchele na mafuta tangu mwezi wa nne, maana alipomkumbusha alijibiwa "mama, upendo hauhesabu mabaya". Akanionyesha daftari. Jina la yule ndugu limekatwa kwa kalamu, chini yake limeandikwa upya, halafu limekatwa tena. Jamani nimechoka na huu mstari kutumika hivi.

Ni 1 Wakorintho 13:5. Pale kwenye "hauhesabu" Paulo katumia neno la Kigiriki logizomai, neno la wahasibu kabisa, kumwingizia mtu kitu kwenye hesabu yake. Sasa kinachokataliwa kuingizwa ni mabaya, yaani kile kinyongo cha kutunza kila kosa la mtu ili siku mkikorofishana umtolee yote. Mchele kilo tano siyo kinyongo, ni mchele! Na Paulo huyohuyo akimwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni anasema kama unamdai kitu kiandike juu yangu, mimi nitalipa, tena anasisitiza kaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia Filemoni choma daftari, alilibeba deni yeye. Zakayo naye, yule mtoza ushuru, alipoguswa alisema kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne, na Warumi 13:8 mnaijua, tusiwe na deni kwa mtu yeyote isipokuwa kupendana.

Ila kuna mahali nakwama. Barua hiyohiyo ya Wakorintho, sura ya 6, Paulo anawauliza wanaoshtakiana mbona si afadhali kudhulumiwa, na Luka 6:35 Yesu anasema tukopeshe bila kutumaini kurudishiwa. Siwezi kuziruka hizo. Ninachoona ni kwamba zinamwambia anayedai, achague mwenyewe kuachilia, siyo mdaiwa azisome kwa sauti mlangoni kwa mwenye genge. Lakini achague hasara mara ngapi wakati mtoto wake anarudishwa nyumbani kwa ada, hapo kwa kweli sijui na nimefundisha Biblia miaka mingi.

Nimemwambia aende na mzee wa kanisa mmoja, waongee kwa upole, na kama jamaa hana basi alipe hata elfu mbili mbili kila Jumapili. Na lile jina asilikate tena mpaka deni liishe.