Asali ikizidi haileti ukali

Tabora asali haiadimiki, ndiyo maana imani hii imedumu: ukitaka mvinyo wa asali uwe mkali, zidisha asali. Sivyo. Kileo hutengenezwa na hamira, na sukari ikizidi huinyonya maji hamira hiyo. Kuchacha kunakwama njiani, unabaki na maji matamu. Chukua kilo 1 ya asali, ongeza maji hadi ifike lita 4. Ikichacha yote hutoa kileo cha asilimia 11 hivi, karibu na kikomo cha hamira ya mkate. (Wanzuki, pombe ya asali ya kienyeji, ni habari nyingine, hunywewa ungali unachacha.) Mapovu kukoma hakutoshi kufunga chupa: pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, kipimo kisibadilike siku 3. Hamira iliyolala ikiamka chupani, chupa hupasuka.