Kabla hujapanda alizeti kwenye udongo wenye metali ya risasi

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nipande nini ili udongo wangu usafike?" Nami huuliza kwanza: humo mna metali gani, na kiasi gani? Bila vipimo vya maabara siwezi kutaja hata mmea mmoja kwa dhamiri safi.

Metali nzito haziozi. Mafuta yakimwagika, bakteria huyala taratibu hadi yakabaki gesi ya kaboni na maji. Kadimi, mojawapo ya metali hizo zenye sumu, ni elementi. Hakuna kiumbe kinachoweza kuivunjavunja ikaisha. Mmea unaweza kuipandisha kutoka ardhini hadi kwenye majani, nasi tukavuna, au unaweza kuishikilia pale mizizini isitembee. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya kumewapotezea watu miaka mingi.

Kwa kazi ya kwanza ipo mimea ya kustaajabisha. Mwaka 2001 watafiti walieleza aina ya kangaga, Pteris vittata, iliyokutwa Florida mahali palipochafuliwa na dawa ya kuhifadhi mbao. Majani yake makavu yaliweza kubeba sumu ya arseniki zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake. Arseniki iliyoungana na oksijeni hufanana sana na fosfati, ambayo ni chakula cha mmea, kwa hiyo mzizi huipitisha kwenye mlango ule ule wa chakula. Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki, nako uko mti, Pycnandra acuminata, wenye utomvu wa rangi ya buluu na kijani; utomvu huo ukikauka, karibu robo yake ni metali ya nikeli. Bado nashangaa kila nikiuwaza.

Sasa tufanye hesabu. Hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, ina udongo wa tani 2,600 hivi. Tuseme kila kilo ina miligramu 5 za kadimi: jumla ni kilo 13. Kushusha hadi miligramu 1 inabidi tuondoe kilo 10.4. Mmea unaotoa tani 5 za majani makavu kwa mwaka, yenye miligramu 100 za kadimi kwa kilo, utaondoa nusu kilo. Ni miaka 21 hivi, na huenda ikazidi, maana sehemu iliyo rahisi kunyonywa huisha mapema. Ni muda mrefu, lakini mtu anaweza kuupanga.

Geukia risasi. Udongo una miligramu 1,000 kwa kilo nawe unataka ibaki 400. Utaondoa kilo 1,560. Hata ukivuna tani 10 kavu zenye miligramu 100 kwa kilo, kila mwaka unatoa kilo moja tu. Miaka 1,560! Ndiyo maana picha za mashamba ya alizeti yanayodaiwa kusafisha risasi hunitia uchungu: kuna familia zinazoziamini na kusubiri.

Risasi hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi na mboji, na ile kidogo inayoingia mzizini huishia humo humo. Miaka ya 1990 ilijaribiwa kumwagiwa kemikali iitwayo EDTA ili iyeyuke. Kweli ilipanda kwenye majani ya haradali, lakini nyingine ilizama na maji kuelekea chini. Kwenye shamba la wazi mimi siikubali njia hiyo.

Kwa risasi nachagua kazi ya pili. Naongeza mboji na fosfati, chokaa kama udongo ni mchachu, kisha nafunika uso wote kwa nyasi nzito. Vetiva inafaa sana, kwani mizizi yake hufika mita 3. Risasi inabaki, ila vumbi halipeperuki, na vumbi ndilo linalofika kwenye viganja vya watoto na kuingia mdomoni. Angalizo moja ambalo huwa narudia: kama pana arseniki pia, fosfati hiyo hiyo huibandua kutoka kwenye udongo ikaanza kutembea. Hapo fosfati usiiguse.

Majini, gugu maji hunyonya metali haraka, nyingi zikibaki mizizini. Linafaa kwenye bwawa lililofungwa tu, kwa sababu likitoroka huziba ziwa zima. Tena lazima ling'olewe na mizizi yake kabla halijafa, la sivyo likioza hurudisha kila kitu majini.

Mavuno ya mimea hii si malisho, si mbolea, si kuni. Ukiyachoma uwanjani, kadimi na arseniki hupanda na moshi. Yanahitaji tanuri lenye vichujio, na majivu yake yaende kwenye shimo la taka za sumu lililozibwa chini, au kiwandani ikiwa ni nikeli ya kutosha kuyeyushwa. Kwa hiyo kabla mche wa kwanza haujachomekwa ardhini, huomba nionyeshwe mahali mavuno yatakapopelekwa.