Kobe anapoacha kula: kumtambua mgonjwa mapema na kumhudumia

Kila kipupwe kinapoingia, simu za aina moja huanza kunifikia. "Daktari, kobe wangu amelala tu, leo siku ya nne, hata majani ya mchunga hayagusi." Nikiuliza alikuwa na uzito gani mwezi uliopita, aghlabu sipati jibu, na hapo kazi yangu huwa ngumu, kwa sababu kobe ni mnyama anayeficha maradhi kwa muda mrefu. Mwili wake hutumia chakula polepole, joto la damu yake hufuata joto la mahali alipo, na huko porini mnyama anayeonesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo dalili inayoonekana leo mara nyingi ilianza wiki kadhaa nyuma.

Wengi wetu tumewaona kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ukoo wa wale wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na umri wao mrefu umetujengea fikra kwamba kobe hapatwi na ugonjwa. Fikra hiyo ndiyo inayowachelewesha watu. Kobe wa nyumbani, anayelala juu ya saruji na kulishwa mabaki ya wali na mkate, huugua sana.

Jambo la kwanza ninalomwomba kila mfugaji ni kumpima kobe wake uzito mara moja kwa wiki, wakati uleule, na kuandika daftarini. Mizani ya jikoni inatosha kwa kobe mdogo. Uzito hupanda na kushuka kidogo kwa sababu ya maji anayokunywa na mkojo anaotoa, kwa hiyo kipimo kimoja hakisemi kitu. Ila ukiona amepoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya mwezi, mlete hata kama bado anakula. Mzoee pia akiwa mzima: macho makavu yenye kung'aa, pua safi, miguu inayovuta kwa nguvu unapomnyanyua, na ule uzito wa jiwe mkononi. Kobe anayehisi mwepesi kuliko ukubwa wake ananitia wasiwasi kabla sijamtazama vizuri.

Maradhi ninayoyaona zaidi ni ya njia ya pumzi, hasa masika, sakafu inapokuwa na unyevu mchana na usiku. Kobe hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo kwa binadamu, bali huvuta pumzi kwa misuli ya tumbo na ya miguu, na hawezi kukohoa kwa nguvu kutoa makohozi. Kamasi ikishuka kwenye mapafu hubaki humohumo. Ndiyo maana mapovu puani, hata kidogo tu, si mafua ya kupuuzwa. Akianza kuhema kinywa wazi, au kunyoosha shingo kila anapovuta pumzi, au kutoa mlio kama filimbi, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Wakati unatafuta daktari, muweke ndani ya sanduku kavu chumbani, na upande mmoja utundike balbu yenye joto, kwa umbali usioweza kumuunguza, ili upande wa pili abaki na nafasi ya kujiondoa akiona joto limezidi. Kinga ya mwili wake haifanyi kazi vizuri akiwa baridi, na hata dawa atakayopewa haitatumika mwilini ipasavyo.

Kwa kobe aliyeacha kula lakini pumzi yake ni nzuri na ana nguvu ya kuinua kichwa, maji ndiyo huduma ya kwanza. Mtie katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, dakika 20 hivi, nawe ukiwa hapo hapo. Wengi hunywa, na wengi hutoa mkojo ndani ya maji. Tazama ile sehemu nyeupe ya mkojo: ikiwa laini kama tui zito, hakuna tatizo, ikiwa na chengachenga kama mchanga, amekaukiwa, na ukavu wa muda mrefu huweza kuunda mawe katika kibofu. Jike anayechimba na kuchimba kwa miguu ya nyuma bila kutaga, kisha akalegea, huenda mayai yamemkwama, na huyo hahitaji beseni bali picha ya eksirei.

Naomba nilisisitize jambo moja ambalo limeniumiza. Kijana mmoja wa shamba alikuwa na kobe watatu katika banda la mbuzi, wakapata kupe mapajani na shingoni. Jirani aliyekuwa akiwadunga mbuzi sindano ya ivamektini akawadunga na kobe, kwa nia njema kabisa. Nilipofika, wote walikuwa wamelegea, vichwa vimelala chini, hawawezi hata kuvirudisha ndani, na wawili walikufa. Ivamektini, ambayo kwa mbuzi na ng'ombe ni dawa nzuri, kwa kobe ni sumu inayopooza misuli mpaka ile ya kuvuta pumzi. Isitumike kwa kobe kwa kipimo chochote, kwa sindano wala kwa kumimina mgongoni. Kupe hung'olewa mmoja mmoja kwa kibano.

Gamba nalo lina mambo yake. Ni mfupa hai, wenye damu na hisia, uliofunikwa kwa tabaka gumu. Gamba la mtoto likibonyea kwa kidole zaidi ya ilivyo kawaida ya umri wake, amekosa kalisi, yaani madini ya kujenga mfupa, au jua, kwani bila jua mwili hauwezi kuitumia kalisi hiyo. Mpe ukoka, mchunga na majani ya porini, umsagie mfupa wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) unaookotwa ufukweni, na umtoe nje kila siku mahali penye jua na kivuli kwa pamoja. Akipasuka gamba kwa kuanguka au kukanyagwa na gari, osha kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo, funika kwa shashi safi, na umkinge na nzi, kwa maana mabuu huingia upesi. Usizibe ufa kwa gundi wala saruji. Uchafu utafungiwa ndani, na usaha utatafuta njia kuelekea mwilini.

Osha mikono kwa sabuni baada ya kumshika, na beseni lake lisiingie jikoni, kwa kuwa kobe hata akiwa mzima huweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo huwaumiza zaidi watoto wadogo.

Unapomleta, mbebe ndani ya boksi lenye matundu na kitambaa chini, si ndani ya mfuko wa plastiki juu ya bodaboda katika jua la saa saba. Njoo na daftari la uzito, kinyesi chake cha asubuhi katika kopo safi, na picha ya mahali anapolala. Walioko Pemba wanaweza kunitumia kwanza picha na video fupi ya namna anavyohema, tuamue pamoja kama anaweza kuvumilia safari ya boti.