Python ya Mfumo Iachieni Mfumo

Oktoba, minada ya korosho ikiwa mlangoni, niliitwa kwenye ofisi moja hapa Mtwara mjini. Kompyuta yao ya Ubuntu 22.04, ile inayojumlisha hati za mizani, ilikuwa imegoma. Ukibofya terminali, dirisha la kuandikia amri, haifunguki. Nikaingia kwenye skrini ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F3, nikaandika `apt update`, amri ya kuhuisha orodha ya programu. Ikaishia na kosa: `No module named 'apt_pkg'`.

"Kaka, mimi nimeongeza Python mpya tu," kijana wa pale akaniambia. Python ni lugha ya programu, na Ubuntu yenyewe huitumia.

Kuongeza hakuna ubaya. Kilichowaponza ni amri iliyofuata: alichukua kiungo `/usr/bin/python3`, jina linaloelekeza kwenye faili jingine, kilichokuwa kinaelekea toleo la 3.10, akakigeuzia 3.12. Kiungo hicho kinategemewa na programu nyingi za Ubuntu yenyewe, ikiwemo ile inayofungua terminali.

Sasa, kwa nini toleo jipya lishindwe kazi ya toleo la zamani? Ingia ghala lolote la korosho wakati wa msimu. Magunia ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) mbalimbali yamepangwa chini ya paa moja, na kila gunia lina alama ya lilikotoka. Ubuntu, na Debian ambayo ndiyo msingi wake, nazo zina ghala la namna hiyo, `/usr/lib/python3/dist-packages`. Maktaba, yaani msimbo ulio tayari kutumiwa na programu nyingine, zilizoandikwa kwa Python peke yake hutumiwa kwa pamoja na matoleo ya Python 3. Lakini zilizoandikwa kwa lugha za C au C++ hukompailiwa (hugeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwa toleo maalumu, na tangu Python 3.2 ya mwaka 2011 alama ya toleo huwekwa kwenye jina la faili: `apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so`. Python 3.12 ikifika hapo inatafuta 312, haioni, inatangaza kwamba moduli haipo. Faili lipo, unaliona kwa macho yako, ila ni la mwenzake.

Tiba ilikuwa mstari mmoja: `sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`. Terminali ikafunguka.

Watu hulalamika kwamba Debian inawabana kwa toleo moja: Debian 11 ilikuja na 3.9, Debian 12 na 3.11, Debian 13 na 3.13. Mimi naona Debian wana haki. Wakati toleo la Debian bado linapikwa, Python mbili huweza kukaa pamoja, maktaba za C zikakompailiwa kwa zote mbili, kisha la zamani likaondolewa. Likishatoka, kila tundu la usalama lazima lizibwe kwa miaka, na kuziba kwenye Python tatu ni kazi mara tatu.

Ukitaka toleo jingine, lipe chumba chake. Ukilikompaili mwenyewe, tumia `make altinstall`, si `make install`; utapata `python3.12` bila kugusa jina `python3`. Kisha ujenge chumba chenyewe, kinachoitwa venv, kwa `python3.12 -m venv ~/mizani/venv`, na maktaba zote za kazi ziishie humo. Tangu Debian 12, pip ya mfumo, programu ya kusakinisha maktaba za Python, yenyewe inakataa kusakinisha nje ya chumba hicho, na kosa lake linaitwa `externally-managed-environment`. Mtandaoni utashauriwa uongeze `--break-system-packages`. Tafadhali lisome jina hilo neno kwa neno kabla ya kubonyeza Enter.

Jambo moja huwashtua wengi: venv haina Python yake kamili. Kwa kawaida ndani yake kuna kiungo tu kinachorudi kwenye Python iliyoiunda, na faili `pyvenv.cfg` linaonyesha ni ipi. Ukipandisha mfumo mzima, ile ya zamani ikaondolewa, chumba kinabaki na mlango usiokwenda popote. Usihangaike kukikarabati. Kifute, ukijenge upya kutokana na orodha uliyoihifadhi kwa `pip freeze > mahitaji.txt`.

Na kwa wenzangu mnaohudumia Newala au Tandahimba, ambako bando linaweza kuisha katikati ya kazi: mkiwa bado mjini, ndani ya venv andikeni `pip download -r mahitaji.txt -d vifurushi`, mweke folda hiyo kwenye flashi. Mkifika huko, `pip install --no-index --find-links vifurushi -r mahitaji.txt`. Hakikisheni tu Python ya mjini na ya huko ni toleo lilelile, maana vifurushi vyenye C navyo vina alama: `cp312` haitakubaliwa na 3.10.