Aliyeunguliwa nyumba hahitaji gunia la nguo

Moto mkubwa ukiteketeza makazi, watu hukimbilia kabati: nguo zilizobana, blanketi la zamani, viatu vya mtoto aliyekwishakua. Imani hii ni ya siku nyingi, kwamba aliyeunguliwa anahitaji nguo kwanza. Mara nyingi sivyo.

Chukua moto wa Marshall, jimbo la Colorado, Marekani. Ulizuka 30 Desemba 2021, ukisukumwa na upepo uliozidi kilomita 160 kwa saa. Nyumba zaidi ya 1,000 ziliteketea, nyingi zikiwa katika miji ya Louisville na Superior. Kesho yake theluji ikaanguka. (Naam, moto wa nyika huwaka hata majira ya baridi, nyasi zikiwa kavu.) Hata baadhi ya walionusuriwa nyumba zao walikaa bila gesi ya kupashia joto.

Sasa mfikirie mama aliyetoka na watoto wawili na paka. Anataka koti linalomtosha wa miaka sita leo hii, dawa ya pumu, chaja, na kodi ya nyumba nyingine huku mkopo wa ile iliyoungua ukiendelea kudaiwa. Gunia la nguo mchanganyiko halimpi hata kimoja. Lenyewe linadai wa kulichambua, ghala na gari. Fedha taslimu hununua vyote hivyo.

Nguo zina nafasi yake zikiombwa, zikitajwa saizi, zikiwa safi. Ila binafsi ningetanguliza kumpeleka mtoto shule kwa zamu, kuwafulia, na kuwapa chumba kwa miezi, maana kujenga upya huchukua zaidi ya mwaka.