Gogu, chapa ya mnyama na taarifa ya habari: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, na zaidi tangu vita vya Gaza vilipowaka Oktoba 2023, hapa Moshi ni nadra wiki kupita bila kusikia, kwenye spika za mikutano ya injili au katika sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya jumuiya, kwamba taarifa ya habari ya saa mbili usiku sasa ni unabii unaotimia mbele ya macho yetu. Ninaandika kama Mkristo anayeungama kila Jumapili kwamba Kristo atakuja tena kuwahukumu walio hai na waliokufa, na tumaini hilo ninalishika kwa moyo wote. Ninachokipinga ni desturi ya kuligeuza tumaini hilo kuwa uchambuzi wa siasa za mataifa, kwa maneno ambayo mara nyingi hayamo katika Biblia na kwa madai ambayo mara nyingi si kweli juu ya mataifa yenyewe.

Dhana: Gogu wa Ezekieli ni Urusi, na vita vya sasa viliandikwa humo.

Ezekieli alitabiri kati ya Wayahudi waliohamishiwa Babeli, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na majina ya mataifa aliyoyataja hayakuwa mageni kwa wasikilizaji wake. Katika sura ya 38 Gogu ni mkuu wa Mesheki na Tubali anayekuja na jeshi kubwa kuishambulia Israeli. Mesheki na Tubali wanatajwa katika kumbukumbu za wafalme wa Ashuru kama Mushki na Tabal, watu wa nyanda za Anatolia, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, na katika sura ya 27 Ezekieli mwenyewe anawaweka miongoni mwa wachuuzi waliofanya biashara na Tiro. Wahubiri wanaosema kwamba Mesheki ni Moscow na Tubali ni Tobolsk hawana ushahidi zaidi ya kufanana kwa milio ya majina. Moscow inaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza mwaka 1147 baada ya Kristo, na Tobolsk ilianzishwa mwaka 1587.

Uajemi, inayotajwa pia katika jeshi la Gogu, ndiyo Iran kweli, na wengi wakifika hapo huona kwamba jambo limethibitika. Lakini kabla ya mapinduzi ya 1979, Iran ya Shah ilikuwa na uhusiano wa karibu na Israeli na iliiuzia mafuta, kwa hiyo mtu aliyeisoma sura ya 38 mwaka 1970 akiilinganisha na gazeti la siku ile angelazimika kuliruka jina hilo. Tena jeshi la Gogu linakuja limepanda farasi, limebeba ngao, pinde na mikuki, na sura ya 39 inasema wenyeji wa miji ya Israeli watazichoma silaha hizo kama kuni kwa muda wa miaka saba. Anayegeuza upinde kuwa kombora, huku akishikilia kwamba Uajemi lazima ibaki Uajemi, anaamua mwenyewe neno lipi liwe fumbo na lipi lisiwe, na kwa njia hiyo mtu anaweza kuithibitisha habari yoyote anayoitaka.

Wala si sisi wa kwanza kufanya hivyo. Katika karne ya 4 Askofu Ambrose wa Milan aliandika kwamba Gogu ni Wagothi, kwa kuwa Wagothi ndio waliokuwa wakiishambulia dola ya Rumi wakati huo. Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunalibeba jina lake, alimwona Gogu katika Waturuki mwaka 1530, na mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Waturuki walipoizingira Vienna. Hao walikuwa watu waliozijua lugha za kale na waliokesha na Maandiko, na bado hofu ya wakati wao iliwachagulia jibu. Mhubiri wa leo mwenye simu na ramani ya intaneti angepaswa kulifikiria hilo kabla ya kutangaza.

Dhana: Pembe kumi za mnyama ni Umoja wa Ulaya.

Fundisho hili juu ya mnyama wa Ufunuo 13, mwenye pembe kumi, lilipata nguvu mwaka 1981, Ugiriki ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya na kuifanya iwe na nchi 10. Miaka mitano baadaye Hispania na Ureno zikaingia, hesabu ikawa 12. Leo, baada ya Uingereza kuondoka mwaka 2020, umoja huo una nchi 27. Waliohubiri pembe kumi hawakurudi kuwaambia wasikilizaji wao kwamba hesabu imeharibika. Waliiacha Ulaya kimya kimya na kutafuta kumi nyingine.

Dhana: Serikali moja ya dunia na sarafu moja vimekaribia, na mashirika ya kimataifa ndiyo yanayoviandaa.

Kwa sisi tunaoishi karibu na Arusha dhana hii ingepaswa kuwa ngumu kuimeza, kwa sababu tunaona kwa karibu jinsi ilivyo kazi kuyaunganisha mataifa hata machache. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha. Nchi wanachama zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha mjini Kampala mwezi Novemba 2013, lengo likiwa kuwa na sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka huo umepita, wanachama wameongezeka hadi 8, na mfanyabiashara anayevuka Namanga bado anabadilisha shilingi ya Tanzania kwa shilingi ya Kenya. Umoja wa Mataifa wenye wanachama 193 hauna jeshi lake wenyewe wala kodi yake, na nchi yoyote kati ya tano zenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama inaweza kulizuia azimio peke yake, kama Urusi ilivyofanya kuhusu Ukraine na Marekani kuhusu Gaza. Dunia tunayoiona imegawanyika mno, na mateso yake mengi yanatokana na mgawanyiko huo.

Dhana: Vita na matetemeko vinaongezeka kuliko wakati wowote, kwa hiyo mwisho umefika.

Kumbukumbu za tangu mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha wastani wa matetemeko kama 15 kwa mwaka yenye ukubwa wa 7 au zaidi. Kilichoongezeka sana ni vipimo na kasi ya kupashana habari. Ardhi ilipotikisika Arusha mwezi Julai 2007, wako waliotangaza siku ya Bwana, ilhali tunaishi juu ya Bonde la Ufa, na Ol Doinyo Lengai ulianza kulipuka miezi michache baadaye. Kuhusu vita, Yesu mwenyewe katika Mathayo 24:6 anasema wanafunzi watasikia habari zake, kisha anaongeza: "angalieni, msitishwe, maana hayo hayana budi kutukia, lakini ule mwisho bado." Nusu ya pili ya aya hiyo siisikii kwenye spika.

Dhana: Alama za vidole, kitambulisho cha taifa na chanjo ndiyo chapa ya mnyama.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa watu wameumia. Serikali ilipoagiza laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, kazi iliyoanza mwaka 2019, mzee mmoja wa Old Moshi, mtu mnyoofu ambaye namwita baba mdogo ingawa hatuna undugu wa damu, alikataa. Alikuwa ameambiwa mkutanoni kwamba kidole kikishagusa kile kioo, jina lake linafutwa katika kitabu cha uzima. Mwanzoni mwa 2020 laini yake ikafungwa. Kijana wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa akimtumia fedha za dawa ya shinikizo la damu kwa simu, na kwa majuma kadhaa hazikuwa na pa kupitia. Nilipokaa naye uani kwake alinionyesha kidole gumba, akasema, "Mwanangu, hiki Mungu amenipa mimi, si Kaisari." Sikuweza kumcheka, kwa maana imani yake ilikuwa ya kweli, aliyemdanganya alikuwa mwingine.

Mwaka 2021 hofu ileile ikahamia kwenye chanjo ya UVIKO-19. Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai alipozindua kampeni ya taifa, lakini katika jumuiya nyingi ilisemwa kwamba ndani ya sindano kuna kifaa cha kumfuatilia mtu. Kabla ya hapo ilikuwa mistari ya msimbo kwenye bidhaa za dukani, na kabla yake kadi za benki.

Ufunuo 13 unasema nini hasa? Uliandikwa kwa makanisa saba ya mkoa wa Asia, katika miji kama Efeso na Pergamo ambako sanamu na mahekalu ya Kaisari yalikuwa sehemu ya maisha ya soko na ya vyama vya mafundi. Chapa, ambayo watu wanatiwa katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, inatajwa kila mara pamoja na kumsujudia mnyama; hakuna mahali ambapo mtu anaipokea bila kujua, kwa kugusa kioo au kuchomwa sindano. Aya inayofuata mara tu baada ya sura ya 13, yaani 14:1, inasema wale 144,000 wana jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake limeandikwa katika vipaji vya nyuso zao, na sijamsikia mhubiri hata mmoja akisema jina hilo litaandikwa kwa wino au kwa kifaa cha elektroniki. Ikiwa maandishi ya upande wa Mungu ni habari ya mtu ni wa nani, basi na ya upande wa mnyama yasomwe hivyohivyo. Hesabu ya jina la mnyama, yaani 666, wasomi wengi wanaiona kuwa jumla ya herufi za jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa Kiebrania, na ziko nakala za kale zenye 616, ambayo ni jumla ya jina hilohilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini. Waliopewa kitabu kile waliweza kuihesabu, waliambiwa waihesabu.

Dhana: Kuanzishwa kwa Israeli mwaka 1948 kuliwasha saa, na kizazi kile hakitapita.

Fundisho hili linautumia mfano wa mtini katika Mathayo 24, likiuchukua mtini kuwa Israeli. Kizazi kikihesabiwa kuwa miaka 40, jibu ni 1988, na kweli mwaka huo mhandisi mmoja Mmarekani, Edgar Whisenant, alieneza kijitabu chenye sababu 88 za unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Kristo, kutokea Septemba 1988. Ulipopita, kizazi kikawa miaka 70, ikaja 2018. Sasa nasikia miaka 80 ya Zaburi ya 90, yaani 2028. Mhubiri wa redio Harold Camping alitangaza tarehe 21 Mei 2011, kisha 21 Oktoba mwaka huohuo, na mwaka 2012 alikiri waziwazi kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Kabla yao, William Miller, mhubiri Mmarekani, alitarajia Kristo arudi Oktoba 1844, na hakurudi. Kutokana na waliobaki baada ya huzuni ile likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo lilifika Upare mwaka 1903, na ambalo mpaka leo linafundisha kwamba haifai kuweka tarehe. Nawaheshimu kwa kulijifunza jambo hilo.

Karibu na sisi gharama imekuwa damu. Kanungu, Uganda, kundi lililotarajia mwisho kufikia kuanza kwa 2000 liliona siku imepita, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea kanisani. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu kabla dunia haijaisha.

Dhana: Anayekataa mafundisho haya amekana kurudi kwa Kristo.

Mpango wa unyakuo wa siri, kisha dhiki ya miaka saba, kisha utawala wa kitaifa mjini Yerusalemu, ulipangwa hivyo na John Nelson Darby nchini Uingereza na Ireland katika miaka ya 1830, na ulienea kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) linalishika, linafundisha katika ibara ya 17 kwamba Kristo atarudi kuhukumu, na katika ibara hiyohiyo linawakataa wanaosema kwamba watakatifu watamiliki ufalme wa dunia kabla ya ufufuo. Mlutheri wa Moshi anayeukataa mpango wa Darby anafuata kile alichofundishwa kwenye kipaimara.

Dhana: Mkristo wa kweli hushangilia vita vya Israeli, kwa sababu vinaharakisha unabii.

Vijana wawili Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa kutokana na shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023, na mmoja alikuwa mtoto wa mkoa huu wa Kilimanjaro. Siku kumi na mbili baadaye kombora la Israeli lilipiga eneo la Kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porfirio mjini Gaza, ambako familia za Kikristo zilikuwa zimejihifadhi, na watu wasiopungua 16 wakafa. Kuna sharika za Kilutheri Bethlehemu, Beit Jala, Beit Sahour, Ramallah na Yerusalemu, na waumini wake ni Wapalestina. Aliyekuwa askofu wao, Munib Younan, alikuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 2010 hadi 2017, kiti ambacho Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikikalia kabla yake, kuanzia 1977 hadi 1984. Katika hesabu za pembe na miaka zinazosambazwa kwenye simu zetu, watu wa sharika hizo hawatajwi kabisa, wala hawatajwi wakulima wa kibbutz, vijiji vya ushirika vya Israeli, waliouawa pamoja na vijana wetu. Sala za jumla za ibada zetu zina nafasi ya kuwataja wote, na ninaomba wachungaji wetu waitumie Jumapili hii.