Je, wajua kwa nini mtoto aliyelegea mguu huombwa choo?

Tuseme bibi ameshuka na daladala kutoka Kibosho, mjukuu wa miaka 4 mgongoni. Juzi alikuwa akikimbiza kuku. Leo mguu wa kushoto unaning'inia tu. Kwenye zahanati moja ya Moshi mjini, muuguzi anamkabidhi kikopo chenye mfuniko.

"Shikamoo bibi. Tunaomba choo kikubwa cha mtoto."

"Marahaba. Choo? Si mguu unaomsumbua, mwanangu?"

Bibi ana haki ya kushangaa. Ila mguu ukilegea ghafla hushukiwa polio, na kirusi chake makazi yake ni utumbo. Huingia kwa mdomo, huzaliana tumboni, kisha hutoka na choo kwa wiki kadhaa. Kufika kwenye mishipa ya fahamu ni nadra: kati ya walioambukizwa 200 hivi, hupooza mmoja. Wengi hawaumwi kitu, wengine hupata vijihoma vya kupita. Kwa hiyo mguu mmoja ukilegea, huenda mtaani kuna mamia wanaokisambaza chooni bila kujua.

Kirusi hakitoki kila siku kwa wingi uleule, ndiyo maana huchukuliwa sampuli mbili, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Baada ya hapo hupungua. Sampuli hukaa kwenye kiboksi chenye barafu mpaka maabara. Ikiachwa dirishani juani, kazi imeharibika.

Hapa ndipo wahudumu wengi huteleza. Bibi akisema mtoto alichomwa sindano ya malaria wiki iliyopita, mhudumu anaandika "sindano" kuwa ndiyo sababu na kumruhusu aende. La hasha! Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla anaripotiwa, hata kama kadi ya kliniki inaonyesha alipata matone yote ya chanjo ya polio. Kuthibitisha polio ni kazi ya maabara.

Lakini si iliisha? Tanzania ilikuwa na mgonjwa wake wa mwisho wa kirusi cha asili mwaka 1996, na Agosti 2020 Afrika ikathibitishwa kuwa huru nacho. Februari 2022 kikatangazwa Malawi, kikiwa na nasaba na kile cha Pakistani. Mwaka 2023 polio ikaonekana Rukwa, safari hii ya aina nyingine: kirusi dhaifu cha matone, kilichozunguka muda mrefu kwa watoto wasiochanjwa hadi kikarudisha makali. Penye watoto waliochanjwa vizuri hakipati nafasi hiyo. Na Rukwa, ingawa ni mbali, haijajitenga. Mabasi hufika stendi ya Moshi kutoka kila upande, na Holili ni mpakani na Kenya.

Kesho bibi ataleta kikopo cha pili. Siku 60 tangu mguu ulegee, mhudumu atapanda Kibosho kuangalia kama mtoto amerudi kukimbiza kuku.